Ndege Gani Huyu?

Chukua kitabu cha picha cha Kiswahili kilichoandikwa "kuhamasisha watoto kutunza mazingira". Sitaji jina la kitabu wala la mchapishaji, maana ukiingia duka la vitabu utakuta ndugu zake watano wamepangwa rafu hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza pana kijiji kizuri chenye mto. Wa tatu, watu wanakata miti. Wa tano, jua kali, ardhi imepasuka, ng'ombe mbavu nje. Wa saba anatokea mwalimu, au babu, au sungura aliyevaa miwani, anatoa hotuba. Wa tisa kila mtu ana mche mkononi na mvua inanyesha. (Miche imeleta mvua ndani ya kurasa mbili. Wataalamu wa hali ya hewa wangefurahi kuijua mbinu hiyo.) Mwisho kabisa, maswali: Tumejifunza nini katika hadithi hii?

Sasa achana na maneno, rudi kwenye picha. Ule mti uliokatwa ni mti gani? Huwezi kujua. Una shina la kahawia na juu yake duara la kijani, kama mwavuli. Ni mwembe? Mkwaju? Mvule? Na yule ndege aliyetua kwenye tawi, mwenye mdomo wa njano na kifua cha rangirangi, ni ndege gani? Muulize mchoraji, hana jibu. Muulize mwandishi, atakwambia ni ndege tu.

Eti ndege tu!

Ugomvi wangu wote uko kwenye hilo neno "tu". Tunamtaka mtoto apende kitu ambacho sisi wenyewe hatujakitazama kiasi cha kukijua jina. Halafu akikua akapita chini ya mkungu bila kuinua macho, tunasema vijana wa siku hizi hawajali.

Niende pwani kidogo, huko aibu yetu inaonekana vizuri zaidi. Kitabu cha watoto kikigusa miti ya baharini kitasema "mikoko", basi, kitaendelea na hotuba. Lakini kaa na watu wa Chwaka, au wa delta ya Rufiji, watu ambao miti hiyo ni kuni yao, boriti zao na mazalia ya samaki wao. Watakutajia mkoko wenyewe, unaosimama juu ya tope kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu, ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza ardhini kama penseli zilizochomekwa. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kuelekea bahari, maji yakijaa unabaki kichwa tu. Mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi. Msinzi. Msikundazi. Na mkomafi, ambao tunda lake ni duara kubwa kama mpira, na likipasuka mbegu zake zenye pembe zinatawanyika. Jaribu kuzirudisha zikae kama zilivyokuwa uone kazi yake. Hilo tunda ni mchezo wa mtoto uliokamilika, hauhitaji betri. Hayo ni majina saba ya Kiswahili, ya vitu saba tofauti, na kila kimoja kina umbo ambalo mchoraji mwenye njaa ya kazi angelililia. Sisi tumeyakunja yote tukayatia kwenye neno moja, tukaongeza "tuitunze".

Waingereza walishtuka mapema kuliko sisi. Kamusi ndogo ya watoto ya Oxford, katika toleo la 2007, iliacha maneno kadhaa ya mimea na wanyama wa kawaida wa nchi yao, akiwemo mdiria na fisi maji, na ikaingiza maneno ya zama za kompyuta. Watu wakaja juu. Waandishi wakaandika barua ya wazi mwaka 2015. Mwaka 2017 Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris wakatoa The Lost Words, kitabu kikubwa cha kubebwa kwa mikono miwili, kila neno lililopotea likapewa maandishi yake na michoro yake. Wapenzi wa kitabu hicho wakachangisha fedha kukipeleka kwenye shule za Scotland. Haya yote kwa ajili ya maneno machache!

Kwetu hakuna aliyefuta kitu. Mdiria yumo kwenye kamusi. Kigogota yumo, hondohondo yumo, yangeyange yumo, tetere yumo, mbayuwayu yumo. Wamo humo wamefungiwa kama mali ya marehemu ambayo warithi hawajajitokeza. Kwenye kitabu cha mtoto wa miaka sita ni nadra sana kuwakuta.

Na si kwa bahati mbaya. Niliwahi kusaidia kuandika kitabu kidogo cha kurasa kumi na sita. Mlikuwa na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayening'iniza kiota chake hata barazani kwa watu na kuchokoa maua. Maandishi yaliporudi kutoka kwa wahariri, chozi alikuwa amegeuka "ndege mdogo mzuri". Nikauliza kulikoni. Nikaambiwa watoto hawatalielewa neno, tena watachanganya na machozi. Jamani! Mtoto kuchanganya chozi na machozi ndiyo furaha yenyewe. Angeuliza, "Mama, kwa nini anaitwa chozi?" na mama angekwama, na wote wawili wangetoka nje kumtazama. Maneno "ndege mdogo mzuri" hayamtoi mtu nje.

Hii hoja ya "hawatalielewa" inanichosha. Mtoto huyo huyo anajua majina ya wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Uingereza, na wa akiba. Anatofautisha aina za magari kwa taa za nyuma. Hakuna aliyekaa akasema Haaland ni jina gumu, tumwite "mchezaji mrefu mzuri". Mtoto anashika jina la kitu anachoona watu wazima wanakijali. Ukimwambia "ndege" umeshamwonyesha kwamba kile kitu hakina umuhimu, hata kama sentensi inayofuata ni "ndege ni muhimu sana kwa mazingira yetu".

Najua atatokea mtu kusema: mbona vitabu vyetu vimejaa wanyama? Simba kila ukurasa, tembo, twiga, pundamilia! Ndiyo, wamejaa. Na wengi wao hawana uhusiano wowote na maisha ya mtoto anayesoma. Mtoto wa Temeke au wa Kisumu anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumwona twiga hai. Anaowaona kila siku ni mjusi ukutani, konokono baada ya mvua, kunguru juu ya paa, siafu, chura kwenye mtaro. Tukimwonyesha wale wa hifadhini peke yao, tunamfundisha kwamba asili iko mbali, ina geti, na inaingiwa kwa tiketi.

Kitabu kinachonipa taabu zaidi katika jambo hili ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, Mwingereza, kilichotoka mwaka 1994. Kinatajwa sana, kimetafsiriwa lugha nyingi, na ukweli ni kwamba kimetengenezwa vizuri mno. Handa, msichana wa Kijaluo, amejitwika kapu lenye matunda saba ya aina saba, anampelekea rafiki yake Akeyo kijiji cha pili. Maneno yanatuambia anachowaza njiani: Akeyo atapenda tunda lipi? Picha zinatuambia kitu ambacho Handa hakijui, kwamba kila hatua kuna mnyama nyuma yake anachomoa tunda. Maneno hayasemi lolote juu ya wizi. Mtoto ndiye anayeona, ndiye anayepiga kelele "geuka nyuma!", ndiye mwenye siri. Hakuna swali la mwisho la tumejifunza nini, na bado mtoto akifunga kitabu anazijua tofauti za pera, embe, parachichi na pesheni kwa rangi na kwa ngozi.

Shida yangu ni msafara wa wezi. Kwenye matembezi ya kutoka kijiji kimoja kwenda cha pili, Handa anapitiwa na nyani, mbuni, pundamilia, tembo, twiga, swala na kasuku. Hiyo si njia ya kwenda kwa Akeyo, ni safari ya mtalii ya siku tatu imebanwa ndani ya asubuhi moja. Mnyama wa kweli kuliko wote mle ndani ni mbuzi, yule aliyekata kamba, akagonga mchenza na kulijaza kapu upya bila kukusudia. Mbuzi wa namna hiyo kila mtu anamjua. Watu wengine husoma kitabu hiki wakakasirika tu kwamba mgeni ametuchora. Mimi nimekasirika zaidi kwamba mgeni alielewa picha inafanya kazi gani, na sisi wenye mbuzi, michenza na njia zenyewe bado tunaitumia picha kama kitambaa cha kufunikia meza.

Maana hapo ndipo tunapokosea kabla hata ya kuandika neno la kwanza. Kwetu mwandishi anamaliza hadithi, kisha anatafutwa "wa kuchora". Anapewa maandishi, anapewa siku kumi, anapewa hela ambayo fundi wa kupaka geti rangi angeikataa. Hajaambiwa mti gani. Hajalipwa kwenda kuutazama. Anafanya ambalo mimi au wewe tungefanya: anafungua simu, anatafuta "bird", anachora kinachotokea. Ndiyo maana kwenye vitabu vyetu kuna ndege wa Ulaya wametua kwenye miti isiyokuwepo duniani. Kuna tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, inayotoa hadithi bure kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na naiheshimu kwa kuwafikia watoto ambao hakuna duka litakalowafikia. Lakini hata pale mwandishi anaweza kuchagua picha kwenye hifadhi na kuipachika kwenye hadithi yake. Picha ikishakuwa ya kupachika, inafaa hadithi yoyote, kwa hiyo haimwonyeshi mtoto mahali popote hasa.

Pili kuna mfadhili. Vitabu hivi vingi vinazaliwa na mradi, na mradi una "ujumbe". Ujumbe lazima uonekane kwenye ripoti. Mtoto aliyekaa robo saa anamtazama kiwavi hawezi kuingia kwenye ripoti. Mtoto anayejibu "tumejifunza tusikate miti" anaingia. Nikiwa mkweli, simlaumu sana mfadhili. Anauliza anachojua kuuliza. Namlaumu mwandishi anayejua tofauti na bado anaandika hotuba ya sungura, kisha jioni anakuja mtandaoni kulalamika kwamba Waswahili hawasomi.

Hebu tuwaulize waliopenda kweli walianzia wapi. Wangari Maathai alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Kati ya 2008 na 2010 tu, Marekani walitoa vitabu vya picha visivyopungua vinne juu ya maisha yake. Ukisoma alivyosimulia mwenyewe, hakuna aliyemhubiria kwamba misitu ni mapafu ya dunia. Kulikuwa na kijito karibu na nyumbani kwao Nyeri. Ndani yake kulikuwa na mayai ya chura, na yeye mtoto akadhani ni shanga. Akajaribu kuyaokota avae, kila akiyashika yanakatika. Baadaye zile shanga zikawa viluwiluwi. Kulikuwa pia na mugumo, mti ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye mti ukakatwa, kijito kikakauka, na yeye akawa tayari anajua ni nini hasa kimeondoka. Mimi ningetoa vitabu kumi vya "tupande miti" nipate kimoja tu cha mayai ya chura: mtoto, maji, shanga zinazokatika, basi.

Eric Carle naye, mwenye kile kitabu cha kiwavi mlafi cha 1969, alisimulia kwamba baba yake alikuwa akimtembeza, anainua jiwe au anabandua gome la mti amwonyeshe vijidudu vilivyojificha. Baba hakuwa na ujumbe. Na kitabu hakina ujumbe: kiwavi anakula, anakula, anavimbiwa, anajifunga, anatoka kipepeo. Kurasa zina matundu ya kupitisha kidole. Mtu mzima anaweza kulalamika kwamba kiwavi halisi hali keki na soseji, na ni kweli, lakini mtoto akikiweka chini anaanza kutafuta matundu kwenye majani. Nimeliona hilo kwa macho, kwenye mpapai.

Nitaambiwa, najua, kwamba funzo ni utamaduni wetu, kwamba hadithi ya Kiafrika lazima ifundishe. Nani kasema? Sungura wa hadithi zetu anaiba, anadanganya, anamsingizia fisi na anaondoka mzima. Na tuna kitu kizuri zaidi ya hadithi kwa hili ninalolisema, nacho ni kitendawili. Kuku wangu katagia miibani: nanasi. Nyumba yangu haina mlango: yai. Aliyelitunga la kwanza alilitazama nanasi mpaka akaona kuku ameatamia katikati ya miiba. Hakusema tulinde mananasi. Alikupa tunda lile lile unalolijua akalifanya geni, na ukishakijua kitendawili hutaliona nanasi shambani kama ulivyoliona jana. Kila kitendawili cha namna hiyo ni kurasa mbili za kitabu cha picha: swali upande huu, mtoto anafunua, jibu upande wa pili. Shule hii tumekaa nayo karne nyingi, lakini wakati wa kuandikia watoto tunakwenda kuazima lugha ya mabango ya semina.

Tena yupo Mtanzania aliyekwisha kuonyesha njia. John Kilaka, mtu wa Sumbawanga aliyekua katika mtindo wa Tingatinga, anaandika na kuchora mwenyewe. Kitabu chake The Amazing Tree, kilichotoka kwa Kiingereza 2009, kimejengwa juu ya ngano ambayo jamaa zake zinasimuliwa na Wabantu wengi: kuna njaa, kuna mti umejaa matunda, lakini haudondoshi hata moja mpaka uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa kobe kuliuliza jina, njiani wanalisahau. Anayelikumbuka ni sungura mdogo. Ndiyo, ngano yenyewe ya wazee wetu inasema njaa itaisha mtu akilijua jina la mti! Na kwenye michoro ya Kilaka wanyama wamevaa nguo za kitenge, wanabeba ndoo, wanakaa kwenye mikeka; ni watu wetu kabisa. Lakini wachapishaji waliompeleka mbali walikuwa wa Uswisi, na mashabiki wake wa mwanzo walimsoma kwa Kijerumani. Nendeni mkaulize madukani kwenu kama mtampata kwa urahisi. Sungura wa miwani mtampata.

Kuna kitabu nakitamani kwa Kiswahili, na nitaeleza ili aliye na kalamu na mwenzake mwenye brashi wakichukue bure. Ni cha kunguru. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa miji yetu ya pwani si wenyeji. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India, wafagie taka za mji. Wakafagia, wakazaliana, wakavuka bahari. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wanapora chapati mkononi mwa mtoto, na kunguru mwenyeji mwenye kifua cheupe amebanwa. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Sasa mpe mtoto hadithi hiyo. Ndege mwerevu kuliko wote mtaani, mwizi, aliletwa na watu bila kuulizwa, na sasa watu wanataka kumuua. Nani mwenye kosa? Sijui ukurasa wa mwisho ungesema nini, na natumaini mwandishi naye hatajua. Mtoto wa Magomeni akikisoma hana haja ya kupelekwa Serengeti. Ataufungua mlango na mhusika mkuu yuko kwenye waya wa umeme anamtazama.

Gharama? Rangi ni ghali, karatasi ni ghali, hilo silipingi. Lakini ukurasa wa hotuba unachapwa kwa bei ile ile ya ukurasa wa chozi anayeingiza mdomo kwenye ua. Kinachohitajika zaidi ni kidogo, tena kinaweza kuandikwa kwenye bajeti ya mradi wowote: mchoraji atajwe jaladani kwa herufi sawa na za mwandishi, aanze kazi siku moja na mwandishi, na alipwe nauli ya kwenda Chwaka na posho ya siku mbili tatu. Afike maji yametoka, avue viatu, aingie kwenye tope na mwenyeji wake. Akirudi na daftari lenye matope, mwulizeni mlilana ni upi.